Mama Funguo na simu walizozipokea watoto

Saa kumi na mbili kasoro robo asubuhi, Mama Funguo anafungua lango dogo la shule kwa bega. Ufunguo umeingia na umezunguka, lakini lango halitii mpaka lisukumwe, na yeye anajua pa kulisukuma: juu kidogo ya kitasa, mahali ambapo rangi imeshalika kwa sababu ya bega lake.

"Mafundi wamekuja mara nne kulitengeneza," anasema. "Nawaambia liacheni. Mwizi akija atadhani limefungwa, atarudi kwao akalale."

Funguo thelathini na nne zimening'inia kiunoni mwake kwa kamba ya kiatu. Anapanda ngazi hadi ghorofa ya pili, anaweka ndoo chini, anakunja mikono ya sweta na kuanza kupiga deki darasa la mwisho kwenye korido. Anaanzia ukuta wa nyuma na kurudi kinyumenyume kuelekea mlangoni ili asikanyage alipokwisha kupita. Wafanyakazi wenzake wawili, vijana, humtania kwamba anacheza dansi na dekio.

Ghafla anainama chini ya dawati moja na kuokota unga mweupe kwa ncha za vidole. Ni mabaki ya kifutio.

"Huyu hafuti, huyu anasaga," anasema. "Jana hapa palikuwa na jaribio la hesabu. Tazama na pale dirishani, hakuna hata punje. Yule ama anajua sana, ama amekata tamaa. Nitamwangalia akiingia."

Ana miaka hamsini na saba, na ameisafisha shule hii ya sekondari kwa miaka kumi na sita. Aliingia katika nchi hii akiwa na mume, binti mmoja na sanduku moja, bila neno hata moja la lugha ya wenyeji. Alisafisha ofisi za watu kwa muda, kisha akapata kazi ya muhula mmoja hapa shuleni. Muhula huo haujaisha hadi leo.

Lugha alijifunza ubaoni. Kila jioni aliusoma ubao wote kabla ya kuufuta, na mara nyingine aliunakili nyuma ya karatasi ya orodha ya sabuni.

"Nilijua sehemu za ua kabla sijajua kuomba chumvi dukani," anasema na kucheka mpaka anashika dekio kwa mikono miwili. "Mume wangu aliniuliza, mke wangu, chavua tutaila na nini?"

Wanafunzi wako mia sita na kumi, wa kati ya miaka kumi na miwili na kumi na minane. Karibu robo yao ni watoto wa wahamiaji. Wenyeji humwita Mama Funguo. Watoto wa wahamiaji humwita shangazi, hata wale ambao lugha ya nyumbani kwao yeye haijui.

Mshahara wake hulipa pango la vyumba viwili, na kinachobaki mfukoni ni kidogo hata hakina kelele. Hata hivyo, akiulizwa kuhusu kazi hii halalamiki. Anasema anaipenda kwa sababu anawaona watoto wakirefuka, na kwa sababu hakuna anayemsimamia akiwa na dekio mkononi. Ni kwa dekio hilo mkononi, mwaka ule shule zilipofungwa kwa ajili ya korona, aliposikia jambo ambalo shule nzima haikulisikia.

Shule zilifungwa Ijumaa mchana, ghafla. Watoto walitoka na mikoba yao tu. Vitu vingine vyote vilibaki katika vikabati vya korido. Walimu walienda kufundishia nyumbani kupitia mtandao. Walioendelea kuja ni wawili: makamu wa mkuu wa shule, aliyeshika simu, na Mama Funguo, aliyeambiwa asafishe kila kinachoshikwa.

"Nilisafisha vitasa ambavyo hakuna aliyevishika," anasema. "Nilivisafisha mpaka vikachubuka."

Kila wiki makamu aliketi katika chumba cha walimu kilichokuwa kitupu na kupigia familia moja baada ya nyingine. Maswali yalikuwa matatu: mtoto anasoma? Anakula? Analala? Alikuwa ameiweka simu kwenye spika kwa sababu sikio lilimwuma, na kila jibu zuri alilipigia tiki katika orodha. Orodha ilikuwa imejaa tiki.

Jumanne moja, saa nne asubuhi, Mama Funguo alikuwa akipiga deki chini ya dirisha la chumba hicho. Simu ikapokelewa na sauti nzito, tulivu, ya mwanamke.

"Ndiyo, mwalimu. Binti yangu anasoma vizuri sana. Anakula, na analala mapema. Tunashukuru sana kwa kutujali."

Makamu akatia tiki. Mama Funguo akasimama.

"Mama huyo namjua," anasimulia. "Tumesubiri basi kituo kimoja miaka sita, yeye akienda kufua mashuka ya hospitali, mimi nikija huku. Lugha ya hapa anajua 'habari' na 'asante', na hiyo asante yenyewe huitafuta kwanza kama mtu anayetafuta swichi gizani. Leo hii anasema 'tunashukuru sana kwa kutujali'? Amejifunza lini, jana?"

Kulikuwa na jambo la pili. Saa nne asubuhi, mama huyo alikuwa kazini. Katika chumba cha kufulia cha hospitali ile, simu za wafanyakazi hufungiwa kabatini mlangoni.

"Mwalimu, samahani," alimwambia makamu. "Umeongea na nani sasa hivi?"

"Na mzazi."

"Mzazi yuko kazini. Umeongea na mtoto."

"Hapana, mama, ile ilikuwa sauti ya mtu mzima."

"Mwalimu, watoto wetu wote wana sauti za watu wazima kwenye simu."

Makamu, ambaye bado yuko shuleni na sasa amebakiza mwaka mmoja kustaafu, anakumbuka kwamba kwanza alitabasamu. Kisha akamsogezea orodha na kalamu. Familia ambazo wazazi hawakuijua lugha ya shule zilikuwa arobaini na sita. Mama Funguo aliweka alama kwenye majina ya wazazi aliojua wako kazini asubuhi, wanaosafisha, wanaofua, wanaopanga bidhaa maghalani. Alama zilifika thelathini na moja.

"Nilivua miwani," makamu anasema. "Kwa wiki saba nilikuwa nimewauliza watoto kama watoto hao ni wazima, na watoto walikuwa wamenijibu kwa adabu kwamba ni wazima."

Hakuna mtoto aliyefikiri anafanya hila. Katika nyumba za wahamiaji, simu ikilia kwa lugha ya wenyeji huipokea anayeijua, na anayeijua ni mtoto, kwa sababu ndiye aliyekwenda shule. Ndivyo ilivyokuwa kwa mwenye nyumba, kwa daktari, kwa watu wa umeme. Shule ilipopiga, walifanya walivyozoea.

Binti aliyepokea simu ile Jumanne alikuwa na miaka kumi na mitano. Katika jengo lao la ghorofa nne walimwita Redio, kwa kuwa habari zote zilipitia kwake. Tangazo likitoka, majirani waligonga mlango wake. Barua ikifika, ilisukumwa chini ya mlango wake. Asubuhi, mama yake akiwa kazini, alimsomesha mdogo wake wa miaka minane kwa simu ile ile moja ya nyumbani ambayo naye alipaswa kuitumia kwa masomo yake. Bando lilipoisha, aliyekosa somo alikuwa yeye.

Makamu alitaka kurekebisha mambo upesi, na upesi huo ndio ulioharibu.

Aliwaza: watoto hawa hawana hata vitabu vyao, viko vikabatini. Akaagiza kabati la Redio lifunguliwe. Vitu vyote vikatiwa katika gunia, gunia likakabidhiwa dereva wa shule pamoja na barua fupi yenye mhuri. Barua ilisema, kwa maneno mazuri kabisa, kwamba shule inamletea mwanafunzi vifaa vyake ili avitumie nyumbani.

"Mimi siku hiyo nilikuwa nimepewa mapumziko," Mama Funguo anasema. "Ningekuwepo ningelikalia lile gunia. Watu waliotembea na maisha yao ndani ya mifuko, huwapelekei vitu vyao vyote mlangoni na karatasi yenye mhuri. Kwetu sisi, ukiona hivyo ujue huna pa kurudi."

Mama yake Redio alilikuta gunia mlangoni alipotoka kazini. Aliuona mhuri, akakaa kwenye ngazi akiwa bado na barakoa usoni. Kisha akamwita binti yake amsomee.

Redio aliisoma barua kimya, mara mbili. Halafu akasema, "Wamenifukuza, mama."

Siku mbili baadaye, alfajiri, wanawake wale wawili walikutana kituoni, kila mmoja upande wake wa benchi.

"Dada, nina jambo," mama yake Redio alisema kwa lugha ya kwao. "Binti yangu shule imemwondoa."

"Nani kasema?"

"Barua. Na gunia lake lipo nyumbani, vitu vyote, mpaka soksi. Basi nimeshaongea na mkuu wa zamu. Jumatatu anaanza kukunja mashuka na mimi. Hawamwulizi umri."

"Mdogo wangu, barua hiyo umesomewa na nani?"

"Na yeye mwenyewe."

Basi likafika. Mama Funguo hakusema neno njia nzima. "Ningesema nini? Nimwambie mtoto wako mwongo, saa kumi na moja na nusu alfajiri, watu wote wanasikia? Nikaona huyu mtoto lazima nimwone kwanza. Jumatatu ilikuwa imebakiza siku nne, na mtoto akishaonja mshahara, kumrudisha darasani ni kazi ya kufa na kupona."

Kesho yake saa nane mchana alitoka shuleni na kwenda moja kwa moja kwenye jengo lile. Kuingia ndani kulikatazwa, kwa hiyo alisimama uani, katikati ya kamba za kuanikia nguo, na kuita. Redio alitokea kwenye roshani ya ghorofa ya kwanza.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Mbona umevaa nguo ya kulalia saa nane mchana?"

"Ni mtindo."

"Mtindo wa wapi, wa wodini?"

Redio hakucheka. Mama Funguo anasema alikuwa amekonda, nywele zimeshikana upande mmoja alioulalia, na macho yamevimba kama ya mtu anayelala mchana kutwa bila kupumzika.

"Nimefuata gunia," akamwambia.

"Gunia gani?"

"La shule. Lililetwa kwa makosa. Nishushie."

"Lakini ni vitu vyangu."

"Ndiyo. Na kabati ni lako pia. Vitu vyako vinakaa kwenye kabati lako. Barua inasemaje?"

"Unajua inavyosema."

"Nataka unisomee wewe."

Redio aliinama juu ya ukingo wa roshani. Halafu akasema, kwa sauti ya chini ili majirani wasisikie, "Usimwambie mama."

"Sitamwambia. Utamwambia wewe."

Hapo ndipo binti yule alipopasuka. Anayakumbuka maneno yake mwenyewe hadi leo, na anayarudia akiangalia pembeni.

"Nilimwambia, nimechoka kumwambia mama mambo! Habari za ugonjwa namwambia mimi. Kodi imepanda, namwambia mimi. Jirani wa juu majibu yake ya hospitali yametoka mabaya, nikaambiwa mimi nimwambie, mimi! Shule wakipiga wanauliza binti yako anaendeleaje, najijibu mimi. Wote wanaongea kupitia kwangu. Hakuna siku mtu aliniuliza, nikajibu kama mimi."

Mama Funguo alisimama chini, kichwa juu, shingo inauma.

"Haya, mimi nakuuliza," alisema. "Wewe unaendeleaje?"

"Vibaya."

"Tangu lini?"

"Sijui. Sijui hata leo ni siku gani."

"Leo Ijumaa. Shusha gunia, mwanangu, shingo yangu itakatika."

Lilishushwa kwa kamba ya kuanikia nguo. Mama Funguo akalitundika begani, akaweka ufunguo mdogo wa kabati kwenye ngazi ya kwanza na kutoa masharti. Ufunguo mmoja ungekaa kwa Redio, wa pili kwake. Redio akitaka kitu chake, apige simu aseme ni kipi, naye angekileta Jumatano. Kitu kimoja kwa safari moja, si zaidi.

"Kwa nini usilete vyote kwa mpigo?"

"Mgongo wangu si wa punda."

"Shangazi, lakini gunia zima unalibeba sasa hivi."

"Ndiyo maana mgongo unauma. Na mama yako, mwambie kabla ya Jumatatu."

Alimwambia Jumapili jioni. Mama yake, mwanamke mfupi anayeongea huku akikunja chochote kilicho karibu naye, iwe leso au karatasi, anasema alitaka kumchapa akaishia kulia.

"Nikamwuliza, mwanangu, umenidanganya tangu lini? Akasema, mama, sijui, tangu simu ya kwanza. Nikasema, sasa mimi nimuamini nani kunieleza anachosema mwanangu, na anayenieleza ni yeye?"

Jumatatu alikwenda kazini peke yake. Lakini Redio alikuwa ameshatoa msimamo: kufua haendi, na shule, hata zikifunguliwa, harudi. Angekaa ndani.

Jumatano ya kwanza aliomba kitana. Mama Funguo alikileta kimefungwa kwenye gazeti, akakiweka kwenye ngazi, akarudi nyuma hatua sita na kukaa juu ya ndoo aliyoikuta uani. Wakaongea dakika kumi. Jumatano ya pili Redio aliomba rula. Ya tatu, penseli.

"Akaniambia, na penseli nayo inaumiza mgongo? Nikamwambia sana, ni ya mbao. Akacheka. Nilirudi nyumbani nikamwambia mzee, leo amecheka. Mzee akauliza nani? Nikasema, kula, hayakuhusu."

Kitana, anaeleza, hakikuwa na maana yoyote. Nyumbani vilikuwepo vitatu. Alichotaka ni Redio akae afikirie kitu kimoja anachokitaka yeye, na si mama, si mdogo wake, si jirani wa juu. "Siku za mwanzo alichukua mpaka Jumanne jioni kuamua. Alikuwa amesahau kutaka."

Wiki ya nne kijana wa ghorofa ya tatu, aliyekuwa akisikiliza kupitia dirishani, aliuliza kama na yeye anaweza kuletewa vitu vya kabati lake. Wiki ya sita walikuwa watano. Mwisho walifika kumi na moja, kutoka majengo matatu ya mtaa ule, kila mmoja ameketi kwenye ngazi yake na barakoa yake, huku Mama Funguo akiwa chini kwenye ndoo na mfuko wenye vitu kumi na kimoja: kiatu cha mazoezi cha kushoto, kitabu cha jiografia, mchoro ambao haukumalizika, sweta.

Hawakufanya jambo kubwa. Walitaniana nani ameota ndevu na nani ameota kitambi. Mvulana mmoja alieleza kwamba huzima kamera wakati wa somo kwa sababu nyuma yake hulala watu wanne. Msichana mmoja akasema yeye husomea chooni, na mwalimu humsifu kwa utulivu wa chumba chake. Ngazi nzima ilicheka, na kuanzia hapo wakamwita Profesa. Kijana wa ghorofa ya tatu alisema kabla ya ngazi ile alikuwa amekaa wiki kumi na moja bila kuongea na mtu wa rika lake.

"Mimi si daktari wa akili," Mama Funguo anasema. "Mimi nilikuwa naleta vitana."

Lakini alikuwa akitazama. Wawili kati yao waliongea kwa namna iliyomtisha, na mmoja wa hao alikuwa hali chakula kabisa. Majina ya wote wawili aliyapeleka kwa makamu siku hiyo hiyo, na makamu akawapatia mshauri nasaha. Makamu pia alibadilisha simu zake. Alianza kupiga jioni, wazazi wakiwa wamerudi, na Mama Funguo aliketi pembeni yake akitafsiri kwa zile familia za lugha yake. Swali la kwanza alilomfundisha lilikuwa: "Mzazi, mtoto yuko chumba gani sasa hivi? Mwambie akacheze."

Shule zilibaki zimefungwa miezi saba. Jumatano zake zilifika ishirini na tatu.

Zilipofunguliwa, Mama Funguo alisimama koridoni na dekio, akipiga deki mahali pakavu. Kati ya wale kumi na mmoja, kumi waliingia siku ya kwanza. Redio hakuja. Siku ya pili hakuja. Kabati lake lilikuwa bado na kitabu cha hesabu na koti.

"Nilijiambia, haya, umeshindwa, umemletea kitana na hukumrudisha. Siku hiyo nilipiga deki ofisi ya mkuu mara mbili bila kujua."

Siku ya tatu, saa nne asubuhi, saa ile ile ya simu, mlango mkubwa ulifunguliwa. Aliyeingia mbele alikuwa mama yake Redio, na sare ya chumba cha kufulia, harufu ya sabuni inamtangulia. Alikuwa ameomba ruhusa ya saa moja kazini, ruhusa yake ya kwanza katika miaka sita. Binti alikuwa nyuma yake, amejifunika kofia ya sweta.

Makamu aliwakaribisha ofisini, akavuta viti vitatu. Redio akaanza kuingia, kwa mazoea, aende akakae katikati yao.

Mama yake akamzuia kwa kiganja. "Wewe subiri nje," alimwambia. Kisha akamtazama Mama Funguo. "Dada, weka hilo dekio. Nataka kuongea na mwalimu kuhusu mwanangu, na wewe ndiye utakayenisemea."

Mlango ukafungwa. Waliongea dakika ishirini na tano. Mama yake Redio alisema yote: kulala mchana, kutokula, uongo wa barua, hofu ya kurudi na kukuta wenzake wamemwacha mbali katika masomo. Alitaka kujua kama kuna nafasi ya kurudia yale yaliyompita bila kurudishwa darasa la nyuma. Makamu alisema ipo.

Redio alikuwa kwenye benchi la koridoni. Sasa ana miaka ishirini, kucha zake zina mafuta meusi, na akisimulia dakika zile anafunika uso na kucheka.

"Nilisikia sauti tu. Mama anaongea, shangazi anaongea, mwalimu anaongea. Sikujua wanasema nini. Unajua, tangu nina miaka tisa sikuwahi kukaa nje ya mlango! Mdogo wangu akiumwa niko ndani, kodi niko ndani. Siku ile watu wazima wanaongea mambo yangu, na mimi sina kazi. Nilihesabu vigae vya sakafu. Nilifurahi mpaka nikasinzia."

Mlango ulipofunguliwa walimkuta amelalia ukuta, mdomo wazi. Mama Funguo alimwamsha kwa kumgusa goti, akamwambia kipindi cha pili kimeanza, na kwamba akachukue mwenyewe kitabu chake kabatini, yeye amechoka kubeba.

Alimaliza shule baada ya miaka miwili na nusu. Leo anasomea ufundi wa umeme. Wengi walitegemea awe mkalimani wa mahakama au wa hospitali, na mwalimu mmoja alimletea hadi fomu.

"Mungu apishe mbali," Redio anasema. "Nyaya hazikuulizi mama anasemaje."

Shuleni kuna sasa dawati moja karibu na chumba cha walimu, na simu. Kila siku saa kumi na moja jioni Mama Funguo huacha ndoo, huosha mikono na kupigia wazazi wa watoto wapya wanaozungumza lugha yake. Kwa lugha nyingine mbili zilizo na watoto wengi, amempata fundi viatu wa kona ya barabara na bibi mmoja anayeuza vifungo na nyuzi. Saa hizo zimo katika mkataba wake kwa mwaka wa tatu sasa. Tangu hapo, hakuna mtoto wa shule hii anayetafsiri kikao kinachomhusu mwenyewe.

Atastaafu baada ya miaka mitatu, na ameshachagua wa kumwachia dawati. Ni mama yake Redio. Kwa mwaka wa pili sasa anasoma lugha ya wenyeji katika darasa la jioni, akiwa mwanafunzi mkubwa kuliko wote, na Redio amekataa katakata kumfanyia kazi za nyumbani.

Makamu ana wasiwasi kidogo kama ataweza. Mama Funguo hana. Mwezi uliopita mwalimu wa hesabu alimpa mdogo wake Redio, ambaye sasa naye ni mwanafunzi hapa, adhabu isiyo yake. Mama yake alipiga simu shuleni mwenyewe, kwa lugha ya shule. Mama Funguo ndiye aliyepokea, akaiweka kwenye spika na kumwita mwalimu.

"Alisema dakika nne," anasema. "Nusu ya maneno aliyakosea. Mimi nimekaa hapa nimejiziba mdomo kwa kiganja, simsaidii hata neno. Mwalimu alielewa yote, maana aliomba radhi mara mbili."

Anachukua kitambaa na kulifuta dawati la simu, ingawa halina vumbi. Wanafunzi wa kwanza wameanza kusikika ngazini.

"Mwaka nitakaostaafu, mjukuu wangu anaingia hapa kidato cha kwanza," anasema. "Nitakuwa nyumbani, nimeinua miguu. Simu italia, nami nitaipokea mwenyewe. Nataka nimsikie yule mama akiniuliza mimi, bibi yake, kama mtoto anakula na kama analala. Nitamjibu taratibu, sina haraka. Na huyo mtoto wala asijue kwamba tumeongea."